Walichokiita Maji

Shangazi alirudi mara ya tatu shavu likiwa limeumuka, jicho la kushoto limebaki ufa tu. Alijitupa kwenye kiti cha matibabu akacheka upande mmoja.

"Mimi nilikufuta makamasi wewe. Leo unaniamrisha nipanue mdomo!"

Daktari wa meno alijaribu kucheka, akashindwa. Alikuwa mtoto wa kaka yake, amelelewa na mwanamke huyu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa alikuwa anamwogopea kwelikweli. Shangazi alikuwa na kisukari. Uvimbe wa namna ile ukiteremka shingoni huziba koo, na mtu anaondoka hivi hivi watu wakimtazama.

Kilichomtia kiwewe zaidi ni kwamba hakuona alipokosea. Mifereji yote mitatu ya mizizi ya jino aliifikia, akaikwangua mpaka mwisho, akaiosha, akaweka dawa, akaziba. Mara mbili! Tena alijua kukwangua peke yake ni kazi bure, maana vijidudu hujibanza kwenye vichochoro ambako chuma hakifiki. Kinachovimaliza ni klorini, jamii ile ile ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, inayosukumwa kwa bomba la sindano taratibu, tena na tena.

Alifungua jino. Usaha ukapanda.

"Mama, naomba maji," alimwambia msaidizi.

Msaidizi, mtu mzima aliyehamishiwa hapo wiki tatu nyuma kutoka wodi ya wazazi, alimpa bomba lililojaa. Pale kliniki klorini haikutajwa kwa jina lake mbele ya mgonjwa, asije akaruka dirishani. Wote waliiita maji, na walikuwa wameizoea lugha yao hiyo mpaka wakasahau kwamba ni fumbo.

Daktari aliosha mfereji wa kwanza, akatoa bomba ili shangazi apumzishe taya.

"Jirani yangu ulimtibu mwaka jana," shangazi alisema. "Anasema dawa yako inanuka kama mashuka yaliyotoka kufuliwa. Mbona mimi siisikii?"

Daktari aliteremsha barakoa, akasogeza bomba puani. Hakuna kitu. Akanusa tena.

"Mama, haya umechota wapi?"

"Kwenye dumu la maji ya kunywa, daktari. Si unasema maji? Na nayachemsha mwenyewe kila asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

Angemgombeza vipi, na neno lilikuwa lake mwenyewe? Alikwenda kabatini akaikuta chupa ya klorini imejaa, haijafunguliwa.

Alimweleza shangazi yote. Shangazi alimtazama kwa jicho lake moja zima.

"Basi nioshe sasa."

"Nakuosha, halafu unakwenda hospitali kubwa leo hii. Hapo ulipofika mimi peke yangu sikuwezi."

"Na wenzangu uliowaosha kwa maji hayo je?"

Hilo ndilo alilokuwa analikimbia. Alipomaliza kuosha, gari la wagonjwa likiwa njiani, alifungua daftari la miadi. Watu kumi na wanne walikuwa wameoshwa mizizi ndani ya wiki hizo tatu. Alipiga namba ya kwanza, ya mwalimu mmoja wa kike. Alipokea mwanamume.

"Mimi ni daktari wa meno wa mwalimu. Naomba niongee naye."

"Afadhali umepiga," mwanamume alisema, anahema. "Mke wangu hawezi kuongea, koo limevimba. Amekataa hospitali zote, anaonyesha kwa mkono tu kwamba anakutaka wewe. Tupo mlangoni kwako."