Mzee wa Kompyuta Hajafutwa

Asubuhi, nikishapiga deki ghorofa ya tatu ya kampuni, Mzee wa Kompyuta huingia, akajipangusa udongo wa kaburi kwenye viatu, akasalimia, akakaa kwenye kiti chake. Alizikwa mwaka jana, siku ya mvua kubwa. Nakumbuka, maana mwavuli wangu uliondoka na mtu mpaka leo. Chai anawekewa. Hanywi, ila hupenda kushika kikombe apate joto.

Kampuni imekua, ina matawi nchi tisa. Mfanyakazi mpya wa popote pale, lazima Mzee ndiye amfungulie mfumo wa kompyuta. Nywila kuu, lile neno la siri la kuufungulia, anayo yeye peke yake. Wakubwa walishindwa kukubaliana mtu wa pili wa kupewa nywila atoke nchi gani, wakaona basi, Mzee aendelee tu.

Mjukuu wangu, yule anayecheka kwa pua, ndiye aliyepewa kazi ya kukagua kama mambo ya kompyuta yanaongozwa sawasawa. Akavuta kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka. Tangu wanizike sijalala."

"Si ujifute kwenye mfumo, upumzike?"

"Mtu hajifuti. Anatakiwa wa pili mwenye nywila amfute."

Mjukuu wangu akapanda kwa Mkurugenzi.

"Haumwi, haombi likizo," Mkurugenzi akasema. "Kasoro iko wapi?"

"Amekufa, bosi."

"Hilo la idara ya wafanyakazi. Wewe andika uongozi ni imara. Tunafungua tawi la kumi."

"Siandiki. Naandika mnamtumikisha maiti kwa sababu hamuaminiani. Teueni mtu, mzee wa watu akalale."

Mkurugenzi akanyanyua simu, akaamuru mkaguzi afungiwe mfumo. Simu ikalia mezani kwa Mzee, kwani kuna mwingine? Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu simfungii," akasema, akaweka mikono mapajani.

Ripoti ikagongwa muhuri, ikatiwa kabatini. Tawi la kumi likafunguliwa. Mzee aliwafungulia wale wapya, maana watoto wa watu wana kosa gani? Mtu wa pili hakuteuliwa.

Mpaka leo anaingia na udongo wake. Mjukuu wangu humpangusa mabegani, humsogezea kikombe, kisha huandika ripoti upya, maneno yale yale. Wakiitia kabatini, anaandika nyingine. Mzee husogeza kiti kidogo, asimzibie mwanga.