Likizo Ambayo Dada Hakuichukua

Mkuu wa idara alitupokea kwa mzaha. "Leo umekuja na wakili, Daktari?"

"Ni mdogo wangu," Dada akajibu. "Amenisindikiza."

Nilikaa pembeni, nimepakata mkoba wake. Nilichoelewa ni kwamba watafiti wa chuo walikuwa wanahesabiwa, na fedha za utafiti zingefuata hesabu hiyo. Kila mtafiti alitakiwa awe na makala nne. Dada alikuwa na tatu. Asipohesabiwa, angekuwa mwalimu tu, na maabara yake ya kupima maji ya visima angepewa mwingine.

"Aliyejifungua anapunguziwa makala moja," Dada alisema. "Ndivyo sheria inavyosema."

"Inasema aliyekuwa likizo ya uzazi. Wewe ulienda likizo lini? Mama shujaa! Umejifungua, wiki ile ile uko darasani. Tulikusifu hapa mpaka basi. Na huyo mtoto hajambo? Bado yuko kwa bibi yake?"

Kwamba mtoto yuko kwa bibi yake, hivyo ndivyo Dada alivyowaambia wote kazini. Nyumbani ukimya ulikuwa unamtafuna, akaona heri kelele za wanafunzi. Kila asubuhi nilimkunjia vitambaa vya kuweka kifuani, maziwa yasiloweshe gauni mbele ya watu.

Dada alitazama meza. "Hayupo. Alifariki siku ya pili."

Mkuu wa idara alivua miwani. "Lo! Pole sana, dada yangu. Mbona ulikaa kimya?"

"Ningesemaje?"

Alifuta miwani muda mrefu, akaivaa tena. "Tatizo ni mahudhurio. Yanaonyesha ulifundisha muhula mzima. Kamati itaniuliza, mtu anakuwaje likizo na darasani kwa wakati mmoja? Ungekaa nyumbani tu, leo tungekutetea. Bidii ndiyo iliyokuponza."

"Dada alikuwa mgonjwa," nikasema.

"Unasemaje, mdogo wetu?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikauinamia mkoba. "Hamna kitu."

Akamsogezea Dada mkataba wa kufundisha tu, bila utafiti. Dada hakuusoma, alitia sahihi tu, kisha akaanza kuutoa ufunguo wa maabara kwenye pete ya funguo zake. Pete ilikuwa ngumu, kucha ikamkatika.

"Lete nikusaidie," mkuu wa idara akasema kwa upole. Akautoa mwenyewe, akauweka mfukoni.