Zulia la Mkuu wa Shule

Jumatatu saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi wa mitandao wa shule ya bweni, ambaye wanafunzi walimwita Waya kwa wembamba wake, aliketi maktabani, akafunika chai yake kwa kisahani, akafungua kompyuta. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo. Tovuti ya shule ilikuwa na anwani mbili. Moja ilianza na www, nayo ilipakwa rangi nyeupe juu ya lango kubwa, kwa herufi zenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Nyingine ilikuwa tupu, haina www, imechongwa kwenye kibao cha shaba mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule. Watu wote waliamini kwamba zinafika mahali pamoja. Hazikuwa zikifika.

Anwani ya lango ilifungua tovuti ya zamani, yenye fomu ya kuomba nafasi. Ile ya kibao ilifungua tovuti mpya, iliyohifadhiwa kwenye seva za wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, nayo ilikuwa na fomu yake. Anwani hii mkuu aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa watu aliosoma nao na mashemeji wa watu aliosoma nao. Sasa alitaka ibaki moja. Anayeandika www apelekwe kwenye ile tupu, basi.

Kabla ya kuelekeza, Waya alichungulia tovuti ya zamani. Humo mlikuwa na maombi elfu moja mia moja ishirini na sita, na hakuna hata moja lililofunguliwa. Mawili yalikuwa ya mdogo wake, la mwaka juzi na la mwaka jana. Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na sita. Mwakani angepita umri wa kupokelewa. Waya alizunguka rafu mara tatu, akaenda ofisini kuuliza.

"Hayo tunayahifadhi," alisema mkuu.

"Bila kuyasoma?"

"Kusoma ni hatua ya pili, binti. Usiruke hatua."

Aliporudi, chai ilikuwa imepoa. Huduma ya wingu ilimpa njia mbili: uelekezaji wa muda na uelekezaji wa kudumu. Wa muda husahaulika. Aliyepitishwa kwenye ule wa kudumu hukumbuka, hata ukija kuondolewa. Kompyuta yake haiulizi tena, inakwenda moja kwa moja. Waya alibonyeza wa kudumu. Kisha akabandika tangazo kwamba mabadiliko yangechukua hadi siku mbili kuenea.

Yalianza kuenea saa sita mchana. Muuza maziwa aliingia lango kubwa, chini ya zile herufi za www, na mguu wake wa pili ukakanyaga zulia la mkuu wa shule, ndani ya ofisi yenye kibao. Aliuliza jiko liko wapi, akaoneshwa. Mlinzi aliandika katika daftari lake: Maziwa, ameingia, hajaonekana uani. Saa nane alifika fundi bomba na ngazi yake, ikaangusha saa ya ukutani. Jumanne walifika wazazi saba, mbuzi mmoja, na lori la kuni, ambalo lilisimama nusu ofisini nusu getini kwa kuwa mabadiliko yalikuwa hayajaenea sawasawa. Mkuu alilalamikia matope. Aliagiza kitambaa cha kufutia miguu. Wanafunzi waliochelewa kurudi walijifunza kuanza kuamkia wakiwa bado nje.

Jumatano alikuja mdogo wake Waya. Alibeba ombi la tatu ndani ya bahasha, kwa sababu dada yake alimwambia alilete mwenyewe. Alipita chini ya zile herufi nyeupe, akatokea zuliani, hatua mbili kutoka mezani.

"Umepitia wapi?" mkuu aliuliza.

"Getini. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nafasi zimejaa, mwanangu."

"Si fomu zimefunguliwa leo asubuhi?"

"Ndiyo. Na zimejaa."

Orodha ilikuwa mezani, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuingia bila kubisha, haikufunikwa. Msichana aliisoma juu chini kutoka upande wake: nafasi arobaini, majina arobaini, mhuri, na tarehe ya miezi mitatu iliyopita. Wa mwisho aliandikwa Mtoto wa Shemeji, jina kamili litafuata. Aliweka bahasha juu ya orodha, akabaki amesimama.

Mkuu alimwita Waya, akamwamuru arudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Waya aliondoa uelekezaji mbele yake. Ilichukua dakika nne. Alhamisi mkaguzi wa mizani, aliyekuwa hajawahi kufika shuleni hapo, aliingia getini akatokea uani kama mtu yeyote. Muuza maziwa alitokea zuliani. Fundi bomba pia, na wale wazazi saba, na mbuzi.

"Watakumbuka mpaka lini?" mkuu aliuliza.

"Mpaka wafute kumbukumbu, mkuu. Na hiyo kila mtu hujifutia mwenyewe."

Muhula mpya ulianza. Wanafunzi arobaini walipokelewa, akiwamo mtoto wa shemeji, ambaye jina lake lilipatikana. Mdogo wake Waya hupita getini kila siku saa moja na nusu, na bahasha mkononi, akatokea zuliani. Huamkia, huitikiwa, huambiwa zimejaa. Zulia limechakaa mahali pawili, kila mahali pakitosha kiatu kimoja. Mwezi wa pili wa muhula mkuu, ambaye si mtu mbaya, aliagiza kiti.

Orodha ya mwakani imeshapigwa mhuri. Siku hizi huifunika kwa kitabu.