Gauni Lisilofuliwa

Wifi yangu ni dobi, na dobi wa kweli akiona kola chafu hapati usingizi. Ukikaa naye, macho yake yameshakufua kabla mdomo haujakusalimia. Nasema hivi bila ubaya, au kwa ubaya kidogo tu, kwa sababu ni yeye aliyenilelea mwanangu nilipougua kifua nikalazwa wodi ya kutengwa. Na ni yeye huyo huyo aliyekifua kitu pekee nilichomwachia mtoto.

Kitu chenyewe ni gauni la kijani, limepauka mabegani. Mimi ni fundi cherehani, na gauni lile ndilo la kazi. Mimba niliibeba nikiwa ndani yake, na mtoto nilimnyonyesha nikiwa ndani yake, mguu mmoja kwenye pedali. Siku ya kwenda hospitali mwanangu hata shingo ilikuwa haijakaza. Nikachomoa pini zote kifuani, nikalivua, nikampa wifi.

"Mlaze nalo," nikamwambia. "Asije akasahau harufu yangu."

"Ondoa shaka, wifi yangu. Wewe nenda ukapone."

Nilikwenda, na kupona kukachukua muda wake. Mume wangu alikuja kusimama upande wa pili wa kioo, akabandika simu yake kiooni nione picha. Mtoto anacheka. Mtoto amekalishwa kwenye beseni. Pembeni ya kila picha kulikuwa na mkono wa wifi, umeshika, umeegemeza, umefuta. Kulikuwa na wodi ya watoto ng'ambo ya ukuta, na mtoto yeyote akilia huko, maziwa yangu yalikuja. Niliyakamua kwenye sinki nikayafungulia maji. Yakaendelea kuja hivyo mpaka yakachoka, yakakauka yenyewe. Nilikuwa na hamu ya mwanangu mpaka mikono ikawa inaniuma. Sisemi kwa mafumbo. Iliuma kweli, kuanzia kwenye viwiko.

Niliporudi nyumbani alikuwa anakaa mwenyewe, ana meno mawili, na baba yake alishampa jina la Mzee kwa ajili ya upara na tabia yake ya kukunja uso. Nikafungua mikono. Mzee akanitazama kama mteja anavyotazama suruali iliyokosewa kipimo, kisha akaficha uso shingoni kwa shangazi yake na kupiga ukelele.

"Atakuzoea tu," mume wangu akasema. "Hata mimi nikinyoa ndevu ananikimbia."

Nilicheka, kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikaenda bafuni nikafungulia bomba, nikalia.

Gauni nililikuta kitandani kwa mtoto. Limekunjwa mara nne, limepigwa pasi, mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Nikalipeleka puani. Sabuni.

"Wifi, umelifua?"

"Kila wiki," akajibu, na fahari ikamjaa usoni. "Na wanga nimetia."

"Mimi nilikwambia harufu!"

"Ndiyo. Sasa ningemlaza mtoto kwenye jasho la mgonjwa? Watu wangekusemaje? Nikaona nikufichie aibu."

Nilitaka kumrukia. Lakini Mzee alikuwa ameshika pindo la sketi yake kwa ngumi zote mbili, nikaona nikimgusa mmoja nimewagusa wote wawili.

Basi wifi akabaki kukaa kwetu, na yakaanza maisha ya ajabu. Wifi akienda uani kuanika, Mzee alilia mpaka majirani wakachungulia. Akirudi, kimya. Mimi nikitoka, hata kichwa hakugeuza. Nilijaribu. Nilitoka kwa kishindo, nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake nikisikiliza kama mwizi. Ndani nilisikia akigonga kijiko sakafuni, ametulia kabisa. Majirani walinipa pole kwa kelele za mtoto. Pole ya nini? Mimi zile kelele nilizitaka. Wanawake wengine wanatamani mtoto asiyelia. Mimi nilitamani kuliliwa, japo mara moja tu.

Wifi hakuwa mjinga, aliona ninavyokonda.

"Mimi ndiye kizuizi," akaniambia siku moja akikunja shuka. "Ngoja nimtoroke. Akilala mchana naondoka zangu. Asiponiona mimi, atakuona wewe."

Nilipaswa kusita, ila nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Akafungasha pasi zake, akambusu Mzee utosini akiwa usingizini, akarudi kwake.

Mtoto aliamka, akatazama kiti cha wifi, akatazama mlango. Alilia mpaka sauti ikakwama, akilala, akiamka, akianza upya. Nilipomnyanyua alijikaza kama ubao. Siku zilizofuata alipunguza. Halafu akanyamaza moja kwa moja.

"Una bahati," mama wa jirani akanipongeza. "Mtoto mtulivu, hasumbui mtu."

Alikula nilichomlisha na kulala nilipomlaza. Nilimpa vipande vya vitambaa vya kila rangi, akavishika tu bila hata kuvitia mdomoni. Nikicheka, alitazama ukuta. Mtoto wa umri ule asiyetia kitu mdomoni ana jambo, na mimi nilijua ana jambo, ila nilijiambia anazoea.

Kliniki, muuguzi alimpima uzito, akamchezea vidole mbele ya uso. Mzee akatazama pembeni yake.

"Analia?" akaniuliza.

"Halii kabisa," nikasema, na nadhani nilitabasamu.

Akaweka kalamu chini. "Nani ameondoka hapo nyumbani?"

"Shangazi yake. Ndiye aliyemlea nilipolazwa."

"Mliagana naye, au alitoroka?"

"Alitoroka, mtoto akiwa usingizini," nikasema.

"Mama, hawa wadogo nao wanaomboleza," akasema taratibu. "Tatizo hawana maneno, na sisi tukiona kimya tunashukuru. Huyu amepoteza mama mara mbili."

Nilitoka na mtoto wangu mgongoni na maneno yale kichwani. Mara mbili. Ya pili ilikuwa wifi. Ya kwanza, basi, ilikuwa mimi.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, kwenye chumba chake cha kufulia, nikamkuta kati ya mashati ya watu, mvuke umemjaa usoni. Mzee alimwona. Hakulia wala hakucheka. Alitazama tu, halafu kidevu kikaanza kutetemeka, na sauti ikatoka ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Wifi akaacha pasi juu ya shati la mteja. Shati likaungua, hatukuligusa.

Alipotulia mikononi mwake, nikauliza nilichokuja kuuliza.

"Nilipolazwa, alinililia?"

Wifi akamhamishia bega la pili. "Sikutaka kukwambia."

"Niambie."

"Chupa aliikataa. Alikuwa akigeuza uso huku na huku, anakitafuta kifua chako. Nikimpa changu kitupu kumnyamazisha, anakigusa na kulia zaidi. Hivyo hivyo, siku baada ya siku, mpaka akachoka. Ningekwambia vipi, uko kitandani unakohoa? Ungepona wewe?"

Nikakaa juu ya rundo la nguo chafu. Kumbe nilililiwa. Nilililiwa sana, nami niko nyuma ya kioo nasifu picha za beseni.

"Rudi nyumbani, wifi," nikasema. "Na pasi zako zote."

Akarudi. Meza yake ya pasi tuliiweka chumba kimoja na cherehani yangu, joto likawa la kumtoa nyoka pangoni. Muuguzi alinielekeza nisimvute mtoto: shangazi awe karibu, nami nikae chini, nimwache aje mwenyewe. Nikaacha cherehani, nikakaa sakafuni nikishona pindo kwa mkono, nimevaa gauni langu la kijani. Wifi akitoka, alimuaga kwa sauti, "Mzee, natoka, narudi," na akarudi kweli. Mimi nami nikafanya vivyo hivyo, ingawa kwangu hakuna aliyejali.

Mzee alianza kutambaa kuja kwangu. Alinigusa goti, akarudi mbio kwa shangazi yake. Akaja tena. Alikuwa ananionja kama mtu anavyoonja chumvi ya mchuzi. Siku moja akaniletea kipande cha kitambaa kilicholowa mate. Nikakipokea kama nimepewa zawadi ya harusi, nikajizuia nisimkumbatie. Kujizuia kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kupona kifua.

Kisha alasiri moja mteja aliita nje kuchukua sketi yake. "Mzee, natoka, narudi," nikasema kwa mazoea tu. Nilikuwa bado namwonyesha mteja zipu nikasikia kilio.

Nikafikiri wifi ameenda uani. Nikageuka. Wifi alikuwa pale pale mlangoni, amembeba. Mzee alikuwa amejipinda kinyumenyume mikononi mwake, anamsukuma kifua kwa miguu, mikono yote miwili imenyooka kunielekea mimi.

"Njoo umchukue," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mimi hanitaki. Anakulilia wewe."

Sketi ya mteja sijui niliiacha wapi. Nilimchukua. Alininata, akazika uso begani kwangu, akaendelea kulia huku akinipangusia machozi, makamasi na mate yake yote. Nilitaka anyamaze na sikutaka anyamaze.

Wifi akatazama doa lile linavyotambaa kwenye gauni. Namjua. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe.

"Vua nililoweke," akasema.

"Hili hulifui, wifi."

Mkono ukabaki hewani. Kisha akauweka mgongoni kwa Mzee, palipolowa jasho la kilio, akampapasa hadi akatulia. Alipomaliza hakuupangusa mkono wake.