Kadi ya Wazee

Foleni ya wazee kwenye duka la wanasesere hufunguliwa saa nne kamili, nusu saa kabla ya watu wengine, na ndiyo maana Disemba hii walanguzi wa Manila wamewakumbuka mabibi wazee wa mitaani. Bibi Ising alikuwa wa tatu kutoka mbele, miguu imemvimba hadi ndala zinambana. Jana alisimama papa hapa kwa ajili ya Chona, jirani yake. Alimnunulia Tuwi mmoja, yule mwanasesere wa bundi anayecheka ambaye kila mtoto anamtaka, akalipwa kilo mbili za mchele. Leo amekuja kwa shida yake. Binti yake Marivic, mfanyakazi wa ndani Hong Kong, ametuma pesa ya bundi kama huyo. Mkesha wa Krismasi atapiga simu ya video amwone mwanawe Iking akifungua zawadi. Miaka minne hajamgusa mtoto yule.

Keshia akaingiza namba ya kadi ya uzee kwenye kompyuta. "Bibi, wewe ulishanunua jana. Kadi moja, bundi mmoja."

"Yule hakuwa wangu, mwanangu."

Lo! Hapo akajifunga mwenyewe.

"Wa nani basi?" akadakia mlinzi.

"Nilimshikia mtu foleni tu."

"Kumbe! Nyie ndio mnaowanyima watoto Krismasi. Na mvi zote hizo! Huoni haya?"

Wakamsimamisha ukutani, wakampiga picha. Punde ikabandikwa kwenye kioo cha mlango, chini ya tangazo: WALANGUZI HATUWATAKI. Walioingia walimtazama kwenye karatasi, kisha usoni.

Mara Chona akatokea mlango wa stoo, meneja mwenyewe akimsukumia toroli. Maboksi ya Tuwi yalipangwa hadi kumfika kidevuni. Mlinzi yule yule akawashikia mlango, akainamisha kichwa.

Bibi Ising akamfuata hadi kwenye gari. "Chona mwanangu, niuzie mmoja. Bei ya dukani ninayo."

"Kwangu ni mara tatu, Bibi. Unajua."

"Iking ni mtoto wako wa ubatizo!"

"Na zawadi yake nimeshaiweka, soksi nzuri kabisa. Biashara ni kitu kingine." Chona akageuka kuitazama ile picha kiooni, akacheka. "Aisee, wamekumaliza. Kadi yako haina kazi tena."

Bibi Ising hakuondoka. Chona akashusha sauti.

"Sikia. Kesho niletee vibibi viwili vyenye kadi safi, visivyo na mdomo kama wako. Nitakupa mmoja kwa hiyo hiyo bei ya dukani. Boksi limechanika kidogo, lakini bundi anacheka."

Hasira ilimpanda bibi wa watu, akatamani amtemee mate. Akameza.

"Yupo dada yangu Luding. Lakini magoti yake mabovu."

"Atasimama. Na wa pili?"

Bibi Ising akatazama chini, akamtaja Conching, mwenzake wa kanisani, ambaye naye ana mjukuu anayemlilia Tuwi.