Sabah Haingii Ndani

...na sasa Mwalimu anamwita Sabah, "Bi Sabah, njoo ndani unisaidie kushusha vitabu," sauti ileile laini aliyoniitia mimi wiki iliyopita, na Sabah anajitengeneza ukaya kichwani, hajui, ameolewa juzi tu, mumewe kamleta mwenyewe hadi mlangoni akamwambia Mwalimu Mbaruk, nakukabidhi amana yangu... sisi wanawake watu wazima, tumekuja kusoma, basi, mimi tangu mume wangu Hamoudi afie safarini njia ya Unyanyembe nilitaka kuijua haki yangu katika mirathi, shemeji zangu wasinidhulumu, aliponiita nikaingia kile chumba cha vitabu, mikono yangu yote miwili ikiwa juu rafuni akanishika kiuno, nikadhani amejikwaa, wallahi nilidhani amejikwaa, mpaka aliponibana ukutani, nikamsukuma, kilemba kikaanguka, akakiokota, akakikung'uta vumbi taratibu, akasema, "Mjane wewe, nani atakuamini?"... nje wapagazi wanapita na pembe zao za ndovu, kengele zinalia, na shoga yangu Chausiku hapa ubavuni kainamia kitabu wala hafunui ukurasa, maana yeye anajua, ndiye aliyeninong'oneza tukirudi nyumbani siku ile, "Mimi humwambia mgongo unaniuma, siwezi kunyanyua kitu, nawe tafuta lako," kana kwamba ni mvua, kila mtu ajitafutie pa kujibanza... na Mwanajuma aliyeacha darsa, watu wakasema mvivu, Mwanajuma aliyekuwa akisoma vizuri kutushinda sote, mvivu yule?... siku zote hizi najiuliza nilivaaje, nilicheka nini, au ni ule udi niliojifukiza, nalitafuta kosa langu kama sindano iliyoangukia mkekani, na leo Sabah hakucheka, hakujifukiza, hakufanya lolote, kaitwa tu... basi halikuwa langu, tangu mwanzo halikuwa langu... "Bi Sabah, nakungoja," anasema, naye ananyanyuka, goti moja bado mkekani, na mkono wangu umeshaushika wake, Chausiku ananifinya paja, "Nyamaza, Zeyana, mji mzima utakusema," na utanisema, najua, shemeji zangu watapata la kushika... "Haendi," nasema, "kama ni vitabu, Mwalimu, vilete hapa tulipo sote," naye kasimama palepale mlangoni, Sabah ananitazama mimi, anamtazama yeye, na Chausiku ameacha kunifinya.