Kiti cha Mwenye Samaki

Wanaosema mbio za pikapu zilianzishwa na Njenga, waambieni waje Dunga, ufuoni kwetu, waniulize mimi. Njenga alileta bendera na spika. Mbio zilianzishwa na lori moja la Eldoret lililokuwa likisubiri samaki wetu pale Mamboleo kila asubuhi. Lori likishajaa linaondoka, na ukichelewa, samaki wamekuozea mikononi.

Kwa hiyo tulikimbia. Pikapu tisa, kumi, kutoka ufuoni hadi Mamboleo, na katika kila pikapu, kando ya dereva, amekaa mama mwenye mzigo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu: mwenye samaki haachani na samaki wake. Dereva anatazama barabara, mama anasikiliza nyuma. Kreti zikianza kuteleza hukwaruza bati, na mimi, Celestine, nilizisikia kabla hazijasogea vizuri. Nikimgusa Obiero goti mara moja, anapunguza mwendo. Nikimgusa mara mbili, anaachilia gari likimbie. Obiero ni mume wangu, na pikapu tuliinunua pamoja, samaki kwa samaki.

Watu wa mtaa wa Manyatta wakaanza kujipanga kando ya barabara kutushangilia. Njenga, muuza vipuri wa mjini, akaona ule umati, akakodi shamba nyuma ya Mamboleo na kulikatia njia ya murram yenye kona kumi na moja. Sheria yake ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Kila pikapu ibebe kreti nane za samaki kwenye barafu, na samaki mmoja akianguka, unaongezewa sekunde kumi. Hapo ndipo watu walipopagawa. Magari yanayokimbia matupu yako kila mahali, lakini ni wapi tena utamwona mwanamke aliyefungwa mkanda akimfokea dereva asimchubulie mbuta wake?

Mwaka wa kwanza tulikuwa wa Kisumu tu. Wa pili wakaja wa Homa Bay na Busia. Wa tatu wakaja wa Nakuru na Eldoret, na pikapu zinazong'aa kama sufuria za dukani, na mahema, na televisheni. Mimi na Obiero tulishinda mara mbili. Picha yetu ilibandikwa hadi kwa vinyozi. Sokoni nilikuwa naitwa Sikio, na sitadanganya, nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa.

Mwaka huu, siku tatu kabla ya fainali, Obiero alisema neno akiwa anakula.

"Sele, unajua sheria imebadilika. Mtu wa kukaa na dereva lazima akuwe na cheti."

"Cheti ya nini?"

"Ya kusoma njia. Kona zote zimeandikwa kwa karatasi."

"Basi nitaenda nisome."

"Masomo iliisha mwezi jana. Ilikuwa siku mbili tu, hapo Mamboleo."

"Na wewe ulijua?"

Akamega ugali, akauviringa, hakuutia mdomoni, akaniita binti wa kwetu Asembo, kama afanyavyo akitaka kunituliza. "Nyar Asembo, ungejisumbua bure. Iko kwa Kizungu yote. Debra alienda. Yeye ndiye atakaa na mimi."

Siku mbili. Hapo Mamboleo, ninapopeleka samaki kila siku ya Mungu! Debra ni msichana aliyekuwa akimshikia Njenga saa ya kuhesabu muda. Nilimtafutia kosa usiku kucha sikulipata, na hilo liliniuma zaidi. Lingekuwa jambo la hawara ningejua pa kuanzia. Hili lilikuwa jambo la karatasi.

Asubuhi akanijia na sauti ya asali. "Lakini kreti utanipangia wewe, sindio? Hakuna mtu anapanga kama wewe."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda wangu alitaka kupiga mateke na kubembelezwa pia. Nikamwambia nitapanga.

Kreti za samaki hazikai kwa kamba peke yake. Siri ni magunia. Unayalowesha ziwani, unayakunja, unayalaza chini ya kila kreti na katikati yake, yanashika bati na mzigo hausogei. Mama zetu walifanya hivyo, na kila mwanamke wa Dunga anajua. Siku ya fainali nilipanga kreti nane za mbuta na ngege, nikafunga kamba vizuri kwa macho ya watu. Magunia niliyaacha makavu chini ya meza yangu ya kuuzia. Nilitaka samaki wamwagike mbele ya televisheni. Nilitaka asikie bati likikwaruza na goti lake lisiguswe na mtu.

Nikaenda nikasimama kwenye uzio pamoja na watazamaji. Pikapu moja ya Nakuru ilikuwa ikijaribu kona ya mwisho, ikainua magurudumu mawili, watu wakapiga mayowe ya furaha. Mimi niliziona kreti zangu. Kreti nane zikilalia upande mmoja kwenye kona ile, hazimwagi samaki tu. Zinapindua gari. Nilikuwa namuua mume wangu, pamoja na mtoto wa watu.

Nilikimbia hadi kwenye meza ya wakaguzi, leso imebaki njiani. Hapo alikaa Khaemba, mkaguzi mkuu, mtu mpole mwenye tumbo.

"Simamisha namba saba, ya Obiero! Kreti haziko na magunia! Ni mimi nilipanga vibaya, mimi mwenyewe!"

"Kreti gani, Mama?"

"Za samaki, yawa! Atapinduka!"

"Mama, tulia. Samaki tuliacha. Siku hizi tunafunga vyuma hapo nyuma, kila gari uzito moja. Wenye televisheni walisema samaki inanuka." Akanielekeza nyuma ya hema kwa kalamu. "Zako si zile? Bwana yako mwenyewe alizishusha asubuhi. Kwani hakukuambia? Madereva wote walipewa barua."

Kreti zangu zilikuwa juani, barafu imekuwa maji, nzi wameshafika.

Alijua. Alijua tangu ile asubuhi ya sauti ya asali. Aliniomba nipange kreti kama mtu anavyompa mtoto sufuria tupu acheze nayo asilie. Hata ubaya wangu, ule niliokuwa nautetemekea, haukuwa na kazi ya kufanya pale. Nikamshukuru Mungu kwamba hatakufa, na papo hapo nikamwomba ashindwe.

Hakushindwa. Debra alisoma karatasi yake, na Obiero hakupunguza mwendo hata pale ambapo mimi ningemgusa goti. Alishinda kwa sekunde nyingi kuliko tulizowahi kushinda nazo sisi wawili.

Baadaye alinitafuta katikati ya watu, kikombe mkononi, vumbi hadi kwenye kope.

"Umeona, Sele?"

"Nimeona."

Akanishika bega, akapaza sauti ili waliotuzunguka wasikie. "Kreti zako zilikaa poa sana! Hakuna hata moja ilisonga."

Watu wakanipigia makofi. Nikasema asante.